Mbwa mzee aliyekonda baada ya ugonjwa: jinsi ya kumrudishia mwili bila kumdhuru

Katika mtaa wa Mbugangari, mjini Gisenyi, wilayani Rubavu, mbwa wengi hufugwa kwa kazi moja tu, nayo ni kulinda. Hulala nje, karibu na lango au nyuma ya jiko, na hula kile kilichobaki baada ya watu kula. Mbwa wa namna hiyo anapofikisha miaka tisa au kumi, kisha akaugua, mwili wake huporomoka kwa haraka kuliko wenye nyumba wanavyotarajia. Baada ya majuma mawili mbavu zake huhesabika, mifupa ya nyonga huchomoza, na misuli ya kichwani hubonyea hata uso ukaonekana kama wa mbwa mwingine. Homa ikishapungua na mnyama akaanza kusimama, familia hutaka kumpoza kwa sufuria iliyojaa. Sufuria hiyo inaweza kumuua.

Sababu yake inafahamika tangu Vita Kuu ya Pili, wakati wafungwa waliokuwa wameshinda na njaa kwa muda mrefu walipofariki baada ya kuanza kulishwa, si kabla. Mwili uliokosa chakula huacha kutumia sukari na kuanza kuyeyusha mafuta na misuli yake wenyewe. Wanga mwingi unapoingia kwa ghafla, homoni ya insulini hupanda na kuyasukuma madini ya fosforasi, potasiamu na magnesi kutoka kwenye damu hadi ndani ya seli. Damu hubaki bila madini hayo, moyo hupoteza mdundo wake, na misuli ya kupumulia hulegea. Hali hiyo huwapata mbwa pia, na kwa kawaida hutokea katika siku tano za kwanza za kulishwa upya. Walio katika hatari zaidi ni wale ambao hawakula kitu kwa siku kadhaa mfululizo, au waliokwisha kupoteza sehemu kubwa ya uzito wao.

Kwa hiyo hesabu huanza na mizani, si na jiko. Asiye na mizani ya mifugo anaweza kusimama juu ya mizani ya nyumbani akiwa amembeba mbwa, kisha akajipima peke yake na kutoa tofauti. Mahitaji ya mnyama aliyelala tu, asiyefanya kazi yoyote, hupatikana kwa kanuni inayotumiwa na madaktari wa mifugo duniani kote: uzito kwa kilo hupandishwa kwa kipeo cha 0.75, kisha huzidishwa kwa 70. Mbwa aliyeshuka kutoka kilo 16 hadi kilo 12 anahitaji kalori zipatazo 450 kwa siku katika hali hiyo ya mapumziko. Siku ya kwanza hapewi zaidi ya theluthi moja ya kiasi hicho, yaani kalori 150. Katika chombo cha kawaida hilo ni yai moja la kuchemsha na wali usiozidi gramu 60, na hata hicho kidogo hugawanywa mara nne au tano. Siku ya pili na ya tatu hupandishwa hadi theluthi mbili. Siku ya nne au ya tano, ikiwa hajatapika, hajaharisha na hajazidi kulegea, hupewa kalori zote 450, ambazo ni takriban mayai mawili, wali gramu 150 na nyama ya kuku isiyo na ngozi gramu 60.

Kiasi hicho kitaonekana kuwa ni cha aibu kwa mtu anayemtazama mbwa mwenye njaa. Lakini ndiyo sehemu ya matunzo isiyokubali kuharakishwa. Dalili za hatari katika siku hizo ni kutetemeka, kulegea kwa ghafla, kupumua kwa shida au kuvimba miguu. Zikitokea, chakula hupunguzwa mara moja na daktari huitwa siku hiyohiyo.

Baada ya juma la kwanza, mwelekeo hubadilika. Sasa mbwa hulishwa kwa kadiri ya uzito anaotakiwa kuurudia, si ule alio nao. Kwa yule wa kilo 16, mahitaji ya mapumziko ni kalori 560, na kwa maisha ya kawaida ya uani huongezwa hadi kufikia 780 hivi. Njia ya kuzifikia ni milo midogo mitatu au minne. Kijiko cha chai cha mafuta ya kula huongeza kalori 40 bila kujaza tumbo, lakini yafaa kuongezwa polepole, kwani mafuta mengi kwa mkupuo huweza kuwasha kongosho, na maumivu yake humrudisha mbwa kule alikotoka.

Kuhusu aina ya chakula, wakaazi wa Mbugangari wana bahati ambayo watu wa miji iliyo mbali na ziwa hawana. Sambaza wa Ziwa Kivu, samaki mdogo aliyeletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, huliwa mzima pamoja na mifupa yake laini, na hivyo humpa mbwa protini na kalsiamu kwa pamoja. Hilo si jambo dogo, kwa sababu upungufu mkubwa wa vyakula vya nyumbani vya mbwa ni kalsiamu: nyama na wali havinayo ya kutosha, na mbwa anayeishi kwa hivyo viwili miezi mingi huanza kuichota katika mifupa yake mwenyewe. Sambaza waliokaushwa hulowekwa kwanza ili chumvi na mchanga vitoke, kisha huchemshwa. Samaki wabichi wasitolewe. Baadhi yao wana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1, na vitamini hiyo ndiyo inayohitajiwa sana na mwili unaotoka katika njaa. Moto hukimaliza kimeng'enya hicho.

Viazi mviringo vinavyolimwa kwenye udongo wa volkano vinafaa vikiwa vimechemshwa na kumenywa, ila vile vilivyogeuka kijani au kuchipua vina sumu na hutupwa pamoja na maji yake. Maziwa mabichi au yaliyochemshwa tu huwaharisha mbwa wengi wazima, kwa kuwa tumbo lao limekwisha kusahau kuvunja sukari iliyomo. Maziwa ya mgando, yale yaitwayo ikivuguto, huvumiliwa vizuri zaidi, na vijiko viwili juu ya chakula humvuta mbwa asiye na hamu. Supu ya mifupa isiyo na vitunguu nayo huvuta, hasa ikiwa ya uvuguvugu, kwa kuwa mbwa mzee hunusa kwa shida na chakula baridi hakimwambii kitu.

Vitunguu maji na vitunguu saumu huvunja chembe nyekundu za damu ya mbwa, viwe vibichi au vimepikwa. Mabaki ya mchuzi wa nyumbani, kwa hiyo, si chakula cha mgonjwa. Mifupa iliyopikwa hupasuka vipande vyenye ncha. Machicha ya pombe ya ndizi au ya mtama yana kileo.

Lakini hatari kubwa iliyo kimya kuliko zote ni unga wa mahindi ulioota ukungu. Desturi ya kuwaachia mbwa kawunga iliyoharibika, kwa hoja kwamba binadamu hawezi kuila, imekita mizizi katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki. Sumu ya aflatoksini iliyomo ndani yake haiondoki kwa kupika. Mwaka 2004 sumu hiyo iliua watu 125 mashariki mwa Kenya, na mwaka 2005 mbwa wengi walikufa nchini Marekani kwa kula chakula cha kiwandani kilichotengenezwa kwa mahindi yenye aflatoksini. Ini la mbwa huiweza sumu hiyo kidogo mno. Ini la mbwa mzee anayetoka katika ugonjwa ndilo duni zaidi, na mnyama anayelishwa ukungu kila jioni hawezi kunenepa hata akila sahani tatu.

Hapo ndipo linapoingia swali ambalo lingepaswa kuulizwa kabla ya yote: alikonda kwa nini? Mbwa anayekula vizuri na bado anakonda hana tatizo la chakula. Huenda ana minyoo, kisukari, ugonjwa wa figo, wa moyo au saratani. Mbwa anayetaka kula, akakiendea chakula kisha akakiacha au kukidondosha, mara nyingi anaumwa na meno. Jino lililooza au fizi zilizovimba humfanya mnyama afe njaa mbele ya bakuli lililojaa, na tiba yake ni kung'olewa jino, si kubadilishiwa chakula. Asiyetaka kabisa kula ana kichefuchefu, maumivu au homa iliyojificha.

Katika ukanda huu kupe hawapaswi kusahauliwa. Kupe wa kahawia wa mbwa huambukiza erlikia, bakteria aliyetambuliwa kwa mara ya kwanza nchini Algeria mwaka 1935, anayeweza kujificha mwilini miezi au hata miaka baada ya homa ya kwanza kupita. Mbwa huonekana amepona, kisha hukonda taratibu, fizi zikawa nyeupe na pua ikatoka damu. Dawa yake ya kawaida, doksisaiklini, hutolewa kwa majuma manne. Wenye mbwa wengi huikatiza siku ya saba, mara tu mnyama anapoanza kuchezesha mkia.

Dawa za binadamu ni mlango mwingine wa maafa. Ibuprofeni na diklofenaki hutoboa tumbo la mbwa na kuua figo zake, nayo parasetamoli huweza kuharibu ini. Mbwa mzee mwenye maumivu ya viungo anastahili dawa, lakini ile iliyoandikwa na daktari wa mifugo kwa kipimo cha uzito wake wa sasa.

Kuna jambo moja ambalo halihusu afya ya mbwa bali uhai wa anayemhudumia. Mbwa asiyeweza kumeza, anayetokwa na mate mengi, aliyebadilika sauti au tabia, asifunguliwe kinywa kwa mkono kumtafutia mfupa uliokwama. Huenda ana kichaa cha mbwa. Ugonjwa huo ukishaonyesha dalili kwa binadamu karibu hauna tiba, na kati ya kila wagonjwa 100 duniani, hadi 99 waliupata kwa mbwa. Aliyeng'atwa au kuguswa na mate kwenye kidonda huosha mahali hapo kwa maji na sabuni kwa dakika 15 na kwenda kituo cha afya bila kungoja. Mbwa dhaifu anayeuguzwa nyumbani, ambaye watoto watamkaribia kuliko walivyozoea, awe amechanjwa.

Daktari wa mifugo wa sekta ndiye wa kwanza kuulizwa, ingawa kazi yake ya kila siku ni ng'ombe, mbuzi na nguruwe. Rwanda ina historia yake na mbwa. Baada ya Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994, mbwa wengi waliokuwa wakizurura waliuawa kwa risasi, kwa sababu ambazo wazee wanazijua na hazihitaji kurudiwa hapa. Kwa miaka mingi baadaye wapo waliokuwa hawataki kumwona mbwa karibu na nyumba. Tabibu mwenye uzoefu mwingi na mbwa kwa hiyo hapatikani kila mahali, na inafaa mwenye mnyama aende akiwa na maelezo kamili: uzito wa wiki hadi wiki, alichokula, alichotapika, rangi ya kinyesi na kiasi cha maji anayokunywa.

Katika familia za Kiislamu, ambazo ni nyingi miongoni mwa wazungumzaji wa Kiswahili mjini Gisenyi, mbwa wa ulinzi ana bakuli lake, na mate yake huchukuliwa kuwa najisi kwa wafuasi wa madhehebu ya Shafii. Hilo halizuii matunzo yanayoelezwa hapa. Kijiko na sufuria vya mgonjwa hutengwa, mikono na nguo huoshwa, na kazi huendelea. Simulizi ya mtu aliyesamehewa kwa kumnywesha maji mbwa mwenye kiu inajulikana na kila mtoto wa madrasa.

Baridi pia hula nyama. Gisenyi iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa mvua mbwa asiye na mafuta chini ya ngozi hutumia sehemu kubwa ya chakula chake kujipasha joto tu. Gunia kavu juu ya mbao, lililoinuliwa kutoka kwenye sakafu ya saruji au mawe ya volkano, lina thamani sawa na mlo mmoja. Mifupa iliyochomoza hupata vidonda ikilalia mahali pagumu, kwa hiyo ageuzwe ikiwa hawezi kujigeuza. Ukimya nao una faida. Baada ya mlipuko wa Nyiragongo tarehe 22 Mei 2021, ardhi ilipotikisika siku baada ya siku na nyumba za Rubavu kupata nyufa, si binadamu peke yao waliokosa hamu ya kula. Mbwa mwenye hofu alishwe mahali pa faragha, na mtu anayemjua, kwa saa zilezile.

Mbwa wa kilo 15 akiongeza gramu 150 hadi 300 kwa wiki, maendeleo ni mazuri. Misuli huchelewa kuliko mafuta, na katika uzee haitarudi yote. Matembezi mafupi ya dakika tano, mara mbili au tatu kwa siku, huisaidia kuliko kulala kutwa. Isipokuwa pale figo zinapokuwa na ugonjwa, mbwa mzee anahitaji protini nyingi zaidi kuliko kijana, kinyume cha dhana iliyoenea kwamba wazee watosheke na uji.

Ikiwa baada ya wiki tatu au nne uzito haujapanda, au unaendelea kushuka ilhali anakula, arudishwe kwa daktari. Wakati mwingine jibu litakuwa kwamba figo zimekwisha au saratani imeenea. Hapo kulazimisha chakula kinywani huongeza mateso tu, na daktari anaweza kumpumzisha mnyama kwa sindano. Familia nyingi hulikwepa shauri hilo na kumwacha afe nyuma ya nyumba kwa siku kumi. Ni heri liulizwe mapema, wakati mbwa bado anainua kichwa anaposikia lango likifunguliwa.