Programu-jalizi ya kujengea kurasa

Programu-jalizi ya kujengea kurasa ni programu ndogo inayoongezwa kwenye mfumo wa kuendesha tovuti, hasa WordPress, ili mtu aweze kupanga mwonekano wa ukurasa bila kuandika msimbo. Mtumiaji huchagua vipande kama kichwa, picha, kitufe au fomu, huviburuta hadi mahali anapotaka, na kuona papo hapo jinsi ukurasa utakavyoonekana kwa msomaji. Mifano inayojulikana ni Elementor, Divi, WPBakery, Beaver Builder na SiteOrigin.

Kwa nje programu hizi hufanana, lakini hutofautiana katika namna zinavyohifadhi maandishi ya mwenye tovuti. Kwa kawaida tofauti hiyo hugunduliwa siku programu inapoondolewa.

Historia

WordPress ilitolewa mara ya kwanza tarehe 27 Mei 2003 na Matt Mullenweg na Mike Little, ikiwa programu ya kuandikia blogu. Uwezo wa kuongeza programu-jalizi ulikuja na toleo 1.2 mwaka 2004. Kwa miaka mingi kihariri chake kilikuwa sanduku moja la maandishi yanayofuatana kutoka juu hadi chini. Aliyetaka kupanga ukurasa kwa safu mbili au tatu alipaswa kujua lugha za HTML na CSS, au kumlipa anayezijua.

Mwaka 2008 toleo 2.5 lilileta misimbo mifupi, yaani maneno yaliyowekwa ndani ya mabano ya mraba ambayo WordPress huyageuza kuwa kitu kingine ukurasa unapofunguliwa. Wajenzi wa kwanza wa programu za kurasa walitumia njia hiyo. Visual Composer ilianza kuuzwa mwaka 2011, na mwaka 2017 ikapewa jina la WPBakery Page Builder. Divi ya kampuni ya Elegant Themes ilitoka mwaka 2013, kwanza kama mandhari ya tovuti. Beaver Builder ilifuata mwaka 2014 nchini Marekani, na Elementor mwaka 2016 nchini Israeli.

Tarehe 6 Desemba 2018 WordPress 5.0 ilitolewa ikiwa na kihariri kipya cha vipande, kilichopewa jina la Gutenberg kwa heshima ya Johannes Gutenberg, mchapishaji Mjerumani wa karne ya 15. Tangu hapo kazi nyingi zilizohitaji programu-jalizi zinaweza kufanywa na WordPress yenyewe.

Namna yaliyomo yanavyohifadhiwa

Yaliyomo kwenye tovuti ya WordPress hukaa katika hifadhidata. Kuna njia tatu kuu za kuyahifadhi.

Njia ya kwanza ni misimbo mifupi. WPBakery huandika alama kama [vc_row] na [vc_column] kabla na baada ya kila sehemu ya ukurasa, na matoleo ya zamani ya Divi huandika [et_pb_section]. Programu ikizimwa, hakuna cha kuzitafsiri alama hizo, hivyo msomaji huziona zikiwa zimechanganyika na maandishi. Divi 5 imebuniwa ili kuachana na mfumo huo.

Njia ya pili ni kuhifadhi mpangilio mahali pa pekee na kuacha nakala ya maandishi mahali pa kawaida. Elementor na Beaver Builder hufanya hivyo. Zikizimwa, maandishi na picha hubaki na kusomeka, ingawa safu, rangi na nafasi hupotea.

Njia ya tatu ni ya kihariri cha WordPress chenyewe, kinachoandika HTML ya kawaida pamoja na maelezo yaliyofichwa yanayoonyesha mwanzo na mwisho wa kila kipande. Kivinjari hupuuza maelezo hayo.

Mambo ya kuzingatia katika kuchagua

Kuondoka. Jaribio rahisi ni kutengeneza ukurasa mmoja kwenye tovuti ya majaribio, kuizima programu, kisha kuufungua ukurasa ule tena. Kinachoonekana wakati huo ndicho mwenye tovuti atakachobaki nacho akibadilisha programu baadaye. Kwa tovuti yenye kurasa mia moja, alama zilizobaki huweza kulazimu kila ukurasa usafishwe mmoja mmoja.

Kasi. Programu hizi huongeza mafaili ya CSS na JavaScript, na mara nyingi hufunga kila kipande ndani ya visanduku kadhaa vya HTML. Ukurasa huwa mzito, jambo linalomgusa zaidi msomaji anayetumia simu ya bei nafuu na bando la intaneti. Google hupendekeza kitu kikubwa zaidi kwenye sehemu ya ukurasa inayoonekana kwanza kitokee ndani ya sekunde 2.5.

Gharama. Elementor na Beaver Builder zina matoleo ya bure yenye uwezo mdogo kuliko yale ya kulipia. Leseni nyingi hulipiwa kila mwaka. Leseni ikiisha, kwa kawaida kurasa zilizokwisha kujengwa huendelea kuonekana, lakini masasisho na usaidizi hukoma.

Usalama. Kila programu-jalizi huongeza msimbo unaoweza kuwa na kasoro. Aprili 2022 Elementor ilitoa toleo 3.6.3 ili kuziba kasoro iliyomwezesha mtumiaji aliyeingia kwenye tovuti, hata asiye na mamlaka ya msimamizi, kupakia na kuendesha msimbo wake. Tovuti ambazo hazikusasishwa zilibaki wazi. Kwa hiyo programu inayosasishwa mara kwa mara ni salama kuliko iliyotelekezwa, mradi mwenye tovuti ayaweke masasisho hayo.

Ulazima. Tovuti ya habari au ya shule yenye maandishi na picha mara nyingi hutoshelezwa na kihariri cha WordPress. Programu-jalizi hufaa zaidi pale ambapo kurasa nyingi zenye mpangilio tofauti zinahitajika na hakuna fundi wa msimbo.

Kubadilisha programu

Hakuna njia moja ya kuhamisha ukurasa kutoka programu moja hadi nyingine, kwa kuwa kila moja huhifadhi mpangilio kwa namna yake. Kwa kawaida mwenye tovuti huhifadhi kwanza nakala ya hifadhidata na mafaili, hutengeneza upya kurasa zinazosomwa zaidi, kisha huizima programu ya zamani baada ya kukagua kila ukurasa. Kuweka programu mbili kwa wakati mmoja huwezekana katika kipindi cha kuhama, lakini huongeza uzito wa tovuti.