Msumeno Mwembamba na Safari ya Vigezo

Barabara itokayo Mwanza kwenda Musoma, inapokatiza mji wa Bunda na vitongoji vyake, haikosi karakana ya seremala, na mpita njia mwenye kudadisi hatachelewa kutambua ya kuwa kitanda kilichosimamishwa kando ya njia kungojea mnunuzi husifiwa kwa ule ubao wake wa kichwani, uliotobolewa maua, mioyo na majani ya mzabibu, zaidi kuliko kwa uimara wa matendegu yake. Na kwa kuwa sisi wa Kabasa, hapa Bunda mkoani Mara, tumezoea mtama, mihogo na pamba, wala mzabibu hatujapata kuulima, ni haki mtu aulize jani hilo limefikaje huku.

Jawabu limo katika historia ya msumeno mmoja mwembamba, na zaidi katika historia ya vigezo vilivyosafiri pamoja nao. Msumeno wenyewe ni utepe wa chuma usiofikia unene wa kijiti cha kiberiti, uliovutwa baina ya ncha mbili za fremu ndefu iliyopinda, hata ukiugusa kwa kucha hulia kama uzi wa zeze. Fundi hutoboa tundu kwa keekee, akafungua ncha moja ya utepe, akaupenyeza tunduni, akaukaza tena, ndipo aanzapo kukata, meno yakielekea chini, na mkono wa kushoto ukiuzungusha ubao taratibu kuufuata mstari, kwani msumeno hauna mwendo ila wa juu na chini. Matundu ya ndani hutangulia na ukingo wa nje huja mwisho, kwa sababu ubao uliokwisha kupunguzwa pembeni hauna tena mahali pa kushikwa. Kwenye kona kali asiyekuwa na subira huukata utepe, na hiyo ndiyo ada ya kujifunzia.

Huko Ulaya sanaa hii ilipata taadhima kubwa kwa André-Charles Boulle (1642–1732), seremala wa Mfalme Louis wa Kumi na Nne wa Ufaransa, aliyekuwa akipandanisha bamba la shaba na gamba la kasa, akayakata yote mawili kwa pamoja, kisha akaingiza vipande vya hili katika nafasi za lile pasipo kuacha mwanya. (Gamba la kasa ni bidhaa ambayo pwani yetu iliiuza tangu zama za mabaharia wa Kiyunani, ingawa sithubutu kudai kwamba samani za mfalme yule zilitokana na kasa wetu.) Karne mbili baadaye, kazi iliyokuwa ya wafalme ikawa tafrija ya makarani na watoto wa shule: kule Rockford, Illinois, nchini Marekani, kampuni ya W. F. & John Barnes ikauza misumeno ya kuendeshwa kwa kanyagio la mguu, na Uingereza, mwaka 1895, likazuka jarida la Hobbies, ambalo kila toleo lake liliambatana na karatasi ya kigezo isiyolipiwa. Mtu hakuhitaji tena kujua kuchora. Aliibandika karatasi juu ya ubao, akafuata mstari, na alipomaliza akampa jirani nakala yake.

Ama katika pwani yetu, msumeno huu ulikuja kutafutiwa riziki. Wageni wanaofika Mji Mkongwe wa Unguja hupiga picha milango, na kweli milango ile ina fahari yake, lakini mlango ni kazi ya patasi, nakshi iliyochimbwa katika mwili wa mti bila kuupenya; atakaye kuiona kazi ya msumeno mwembamba na ainue uso, atazame roshani na zile mbao zilizoning'inizwa chini ya ukingo wa paa, ambazo zimetobolewa mithili ya kimia hata mwanga na upepo vikapita, jambo lenye manufaa katika nchi ya joto ambayo, hali kadhalika, ada yake ilitaka walio ndani waone nje pasipo wao kuonekana. Mfano ulio bora kupita yote ni Zahanati ya Zamani, inayoelekea bandarini. Tharia Topan, tajiri mwenye asili ya Kachi, alianza kuijenga mwaka 1887, ulipoadhimishwa mwaka wa 50 wa utawala wa Malkia Victoria, kwa kusudio la kuwapatia maskini hospitali. Akafariki mwaka 1891 kabla haijamalizika, na kazi ikatimia mwaka 1894. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ilichakaa, hata taasisi ya Aga Khan ilipoikarabati katika miaka ya 1990. Nakshi za roshani zake zimechanganya maua ya Kihindi na mapambo ya nyumba za mbao za milima ya Ulaya, nami naona mchanganyiko huo wenyewe ni ushahidi tosha kwamba vigezo vilikwisha kuvuka bahari zaidi ya moja. Jina la tajiri kila mtembeza wageni analo mdomoni. La fundi aliyezikata mbao zile, mwezi baada ya mwezi, halitajwi.

Kwetu Mara mbao bapa zilichelewa. Mafundi wa zamani walichonga vigoda na mitumbwi kwa tezo, kutoka katika gogo zima, na msumeno wa kutoboa nakshi hauna kazi mahali ambapo hakuna ubao uliopasuliwa. Reli ilipofika Kisumu mwaka 1901 na meli zikaanza kuzunguka Ziwa Viktoria, bidhaa za madukani na maarifa ya mafundi wa Kihindi vilipata njia. Baadaye zikaja shule za ufundi za Ifunda na Moshi katika miaka ya 1950, na SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, mwaka 1973.

Leo fremu ya mkono imeachia nafasi msumeno wa umeme, mninga umekuwa ghali, na plaiwudi imeshika zamu. Vigezo, hata hivyo, vinatembea kuliko wakati wowote. Zamani kilikuwa kipande cha kadibodi kilichotundikwa msumarini, nacho mwanagenzi alikichora upya kwa siri usiku wa kuondoka kwake; sasa fundi wa Musoma hupiga picha ubao wake kwa simu, na kabla ya magharibi mwenziwe wa Butiama ameanza kuukata, akiongeza petali hapa na kupunguza jani pale. Wapo wanaonung'unika kwamba huo ni wizi. Mimi siuoni wizi, maana jarida la Hobbies liliishi kwa kugawa. Linalonikera ni kwamba picha hizo nazo hazina jina la mtu. Ningependa kila fundi aandike nyuma ya ubao jina lake, mji wake na mwaka, hata kama ubao utakwenda kuegemezwa ukutani. Penseli wanayo, kila mmoja ameichomeka juu ya sikio.