Kihisi cha afya cha kuvaa: Baridi na mwinuko wa Ufipa vinavyoyumbisha kipimo

Mashindano ya Kitaifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu (MAKISATU) yalianza mwaka 2019, na wanafunzi wa sekondari wana kundi lao. Mwanafunzi wa Sumbawanga anayebuni kihisi cha kuvaa kidoleni ana kazi moja kubwa: kuhakikisha namba inayotokea kwenye kioo ni ya kweli.

Waganda walivyoanza

Brian Turyabagye na Olivia Koburongo wa Chuo Kikuu cha Makerere walibuni Mama-Ope, jaketi lenye vihisi vya kusaidia kugundua nimonia. Wazo lilitokana na bibi yake Koburongo, aliyezungushwa hospitali kadhaa kabla ya kugundulika ana ugonjwa huo. Walianza na tatizo moja, si kumi.

Kinafanyaje kazi?

Kihisi cha oksijeni humulika ngozi kwa taa mbili: nyekundu na infraredi, isiyoonekana kwa macho. Damu yenye oksijeni ya kutosha hufyonza zaidi infraredi. Iliyopungukiwa hufyonza zaidi nyekundu. Ubao mdogo kama Arduino hupiga hesabu na kutoa asilimia.

Mitego mitatu

*Baridi.* Juni na Julai Ufipa baridi ni kali. Mishipa ya vidole hujibana, damu hupungua na kipimo huyumba. Mikono ipashwe joto kwanza.

*Mwinuko.* Sumbawanga ipo takriban mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, hivyo mtu mwenye afya anaweza kusoma chini kidogo kuliko wa Dar es Salaam. Jaribio zuri lipo jirani: mtu yuleyule apimwe mjini, kisha ateremke Bonde la Ziwa Rukwa, takriban mita 800, apimwe tena.

*Rangi ya ngozi.* Utafiti wa Marekani wa mwaka 2020 ulionyesha vifaa hivi huweza kusoma oksijeni juu kuliko ilivyo kwa watu weusi. Hapo mgonjwa anaonekana mzima kumbe hali ni mbaya.

Kabla ya kusimama mbele ya majaji

Namba zilinganishwe na za kifaa cha hospitali, mhudumu wa afya akiwepo. Kila kipimo kiandikwe, hata kilichokosea. Kupima wagonjwa kunahitaji kibali, na kifaa tiba hakiingii sokoni bila TMDA.

Muhimu kwa wazazi

Kifaa cha mashindano si daktari. Mtoto mwenye kikohozi au anayepumua kwa shida ahesabiwe pumzi kwa dakika nzima akiwa ametulia. Saa ya simu inatosha. Zikifika 50 kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, au 40 kwa wa mwaka 1 hadi 5, awahishwe kituo cha afya, hata kama kioo kinasema yuko poa.