Sri Lanka ilipiga marufuku sumu za shambani mara mbili

Kila unapozuka mjadala wa kubana biashara ya viuatilifu, iwe Dodoma au Nairobi, haupiti muda kabla Sri Lanka haijatajwa. Wanaoitaja wanakumbuka mwaka 2021, pale Rais Gotabaya Rajapaksa alipotangaza kwamba nchi yake itakuwa ya kilimo hai kitupu, akazuia mbolea na dawa za viwandani kuingia, na msimu uliofuata mpunga ukaanguka. Kisa hicho ni cha kweli na hakifai kupuuzwa. Lakini ni nusu tu ya historia. Kisiwa hicho hicho kilianza kupiga marufuku sumu za shambani mwaka 1984, moja baada ya nyingine, kikaendelea kwa zaidi ya robo karne bila kupata njaa, na maelfu ya watu wakabaki hai kwa sababu hiyo. Nusu hiyo ya kwanza husahauliwa, na kwa kusahauliwa kwake tunafundishwa kwamba sheria kali na ghala tupu havitengani. Naamini historia ya Sri Lanka, ikisomwa yote, inathibitisha kinyume chake: sheria kali ya viuatilifu inawezekana, na nchi maskini yenye wakulima wadogo ndiyo inayoihitaji kuliko wengine.

Mwanzo wake unafanana na wa kwetu. Miaka ya 1960 zilikuja mbegu fupi za mpunga zilizotaka mbolea nyingi, na serikali ikaanza kutoa ruzuku ya mbolea mwaka 1962. Mpunga ulionenepa kwa mbolea ukavutia wadudu, na nyuma ya wadudu zikaja dawa. Uchumi ulipofunguliwa mwaka 1977, maduka ya vijijini yakajaa chupa za kila aina. Mkulima wa ekari mbili hana stoo ya kufungwa kwa kufuli. Chupa yake hukaa chini ya kitanda, juu ya dari, au jikoni karibu na mafuta ya taa. Nyingi ya chupa hizo zilikuwa za kundi ambalo Shirika la Afya Duniani, WHO, huliita Daraja la I, yaani sumu zinazoweza kumuua binadamu kwa kiasi kidogo sana. Kati ya mwaka 1950 na 1995 kiwango cha watu kujiua nchini humo kilipanda mara nane, hadi kufikia watu 47 kwa kila 100,000, kikiwa miongoni mwa viwango vya juu kabisa duniani, na sumu za shambani ndizo zilizobeba sehemu kubwa ya vifo hivyo.

Ni rahisi kusema kwamba hayo ni mambo ya huzuni na ufukara, wala hayahusiani na dawa za mimea. Madaktari wa wodi za Anuradhapura na Polonnaruwa waliona jambo jingine. Wengi wa waliofikishwa kwao hawakuwa wamekusudia kufa kwa siku nyingi. Ulikuwa ugomvi wa nyumbani, hasira ya saa moja, na chupa ilikuwa karibu. Waliopona, wengi wao waliendelea na maisha. Kwa hiyo kilichoamua nani apone na nani azikwe kilikuwa ni aina ya sumu iliyoruhusiwa kuuzwa kijijini, na uamuzi huo ulifanywa na serikali, miaka kadhaa kabla ya ugomvi wenyewe kutokea.

Chombo cha kufanya uamuzi huo kilipatikana kwa Sheria ya Udhibiti wa Viuatilifu Namba 33 ya mwaka 1980, iliyomweka Msajili wa Viuatilifu na kamati ya ushauri yenye watu wa kilimo na wa afya pamoja. Mwaka 1984 parathioni na methili parathioni zilipigwa marufuku. Sumu nyingine za Daraja la I zilibanwa hatua kwa hatua, na mwaka 1995 zikaondoka za mwisho zilizokuwa zikitumika sana, monokrotofosi na methamidofosi. Hapo ndipo historia hii inapofundisha zaidi. Wakulima walihamia kwenye endosulfani, dawa iliyohesabiwa kuwa na ukali mdogo kidogo kwenye orodha, na hospitali zikaanza kupokea watu wenye degedege lisilokatika. Msajili hakusema kazi yake ilikwisha mwaka 1995. Alisikiliza taarifa za wodini, na mwaka 1998 endosulfani nayo ikafungiwa. Kati ya 2008 na 2011 zikafuata dimethoeti, fenthioni na parakwati, ile dawa ya magugu ambayo mahakama ya Ulaya ilifuta kibali chake mwaka 2007.

Matokeo yake yamepimwa na kupimwa tena. Katika miaka kumi iliyofuata 1995, watu waliojiua walipungua kwa karibu 20,000 wakilinganishwa na miaka kumi iliyotangulia. Kufikia 2015 kiwango kilikuwa kimeshuka kwa takriban asilimia 70 kutoka kileleni, na watafiti wakakadiria kwamba watu 93,000 walikuwa wameokolewa katika miaka hiyo ishirini. Kulikuwa pia na vita vya wenyewe kwa wenyewe, ukosefu wa ajira na pombe. Sababu hizo walizichunguza, na hazikueleza mporomoko huo. Na mpunga je? Watafiti walipoweka takwimu za mavuno kando ya tarehe za marufuku, hawakukuta anguko popote. Mavuno kwa hekta yaliendelea na mwendo wake, kwa sababu kila sumu iliyoondolewa ilikuwa na mbadala wenye madhara madogo zaidi, uliokwisha kusajiliwa na kufika dukani.

Mambo yalianza kuharibika mwaka 2015. Serikali mpya ilipiga marufuku glifosati kwa hofu ya ugonjwa wa figo uliokuwa ukiwamaliza wakulima wa ukanda mkavu, ingawa uhusiano kati ya dawa hiyo na ugonjwa ule haukuwa umethibitishwa. Mashamba ya chai yakabaki na magugu bila mbadala, malalamiko yakaongezeka, na mwaka 2018 marufuku ikalegezwa kwa chai na mpira. Safari hii siasa ilitangulia ushahidi, na raia wakajifunza kwamba marufuku inaweza kutangazwa leo na kurudishwa kesho.

Kisha ikaja Mei 2021. Ilani ya Rajapaksa ya 2019 ilikuwa imeahidi mageuzi ya miaka kumi kuelekea kilimo hai. Akiba ya fedha za kigeni ilipokauka, miaka kumi ikageuka kuwa siku chache: tangazo katika Gazeti la Serikali likazuia uingizaji wa mbolea na viuatilifu vya viwandani vyote kwa pamoja. Hapakuwa na mboji ya kutosha nchi nzima. Shehena ya tani 20,000 ya mbolea ya asili iliyoagizwa China ikakataliwa baada ya wataalamu wa karantini kukuta bakteria ndani yake. Mpunga wa msimu mkuu, Maha, ukashuka kwa zaidi ya theluthi, chai ikapungua, na Novemba mwaka huo huo marufuku ikaondolewa. Julai 2022 Rais alikimbia nchi, ingawa madeni na uhaba wa mafuta vilikuwa na mkono mkubwa katika anguko lake.

Anayetumia mwaka 2021 kupinga udhibiti wa viuatilifu anachanganya mambo mawili. Kilichougonga mpunga wa Sri Lanka kwa nguvu zaidi kilikuwa kukosa naitrojeni, na naitrojeni ni chakula cha mmea. Parathioni si chakula cha mmea wowote. Mkulima anaweza kunyimwa sumu kumi kali akabaki na mavuno yake ikiwa ana njia nyingine ya kupambana na wadudu. Hawezi kunyimwa mbolea yote kwa msimu mmoja akabaki nayo. Tena marufuku za kwanza zilifanywa na ofisi ya kitaalamu iliyokuwa ikisoma taarifa za hospitali na kuwapa watu muda, wakati ile ya 2021 ilitoka Ikulu huku hazina ikiwa tupu.

Wapo wanaouliza, na swali ni la haki, kama kupunguza dawa hakutawapa wadudu shamba lote. Indonesia ilijibu mwaka 1986. Kidudu kidogo cha kahawia kinachofyonza utomvu wa mpunga kilikuwa kinateketeza mashamba ya Java, na kadiri watu walivyopulizia ndivyo kilivyozidi, kwa kuwa dawa ziliua kwanza buibui na wadudu wengine waliokuwa wakikila, huku mayai yake yakisalimika ndani ya shina. Rais Suharto alizuia aina 57 za dawa kutumika kwenye mpunga, ruzuku ya viuatilifu ikaondolewa kufikia 1989, na wakulima wakafundishwa kuingia shambani, kupekua mashina na kuhesabu buibui kabla ya kuamua kupulizia. Uzalishaji wa mpunga uliendelea kupanda.

Wengine husema tatizo ni matumizi mabaya tu, kwa hiyo dawa iachwe na mkulima aelimishwe. Elimu inahitajika, lakini tazama jinsi kazi yenyewe inavyofanyika kwenye nyanya za Ilula au vitunguu vya Mang'ola. Bomba la lita 16 liko mgongoni, mfuniko unavuja, jua la saa sita linawaka, na mpuliziaji amevaa fulana na kandambili. Dawa pengine amepimiwa kwenye chupa ya maji, bila kibandiko, kwa hiyo hauoni ule ukanda wa rangi unaoonyesha ukali wake wala hajui asubiri siku ngapi kabla ya kuchuma. Kanuni za Maadili za FAO, tangu zilipopitishwa mwaka 1985, zimekuwa zikishauri kwamba dawa inayodai vazi la kinga lisilovumilika kwenye joto au lisilonunulika iepukwe, hasa kwa wakulima wadogo wa nchi za joto. Kumlaumu mpuliziaji kwa kutovaa ovaroli la mpira kwenye joto la Mang'ola ni kumtwisha kosa la aliyeisajili dawa hiyo.

Na sisi tunaweza kusimamia tukitaka. Mwaka 2012 mishiri ya Kenya, yale maharagwe machanga ya kijani, ilikutwa Ulaya na mabaki ya dimethoeti yaliyozidi kiwango. Kuanzia Januari 2013 Umoja wa Ulaya ukaamuru asilimia 10 ya shehena zipimwe, na Kenya ikazuia dawa hiyo kwenye mboga na matunda. Soko la nje lilipobisha hodi, ofisi zilifunguka. Mlaji wa Kariakoo au Wakulima Market hana wa kumbishia. Utafiti wa wanasayansi wa Tanzania uliochapishwa mwaka 2020 ulikuta mabaki ya viuatilifu katika karibu nusu ya sampuli za mboga za wakulima wadogo, na nyingi kati ya hizo zilivuka kiwango cha kimataifa. Kilimo hai kina alama yake, Kilimohai, inayotumika Afrika Mashariki tangu 2007, na ninaiunga mkono kwa moyo wote. Lakini alama hiyo inamfikia anayeweza kuitafuta na kuilipia, na mama anayenunua fungu la mchicha jioni hajui hata shamba lilipo. Anayeweza kumlinda ni mwenye mamlaka ya kuamua nini kiingie dukani.

Juni 2025 Kenya ilitangaza kuondoa makumi ya bidhaa za viuatilifu na kuziwekea masharti nyingine 202 baada ya mapitio. Huo ni mwendo wa Sri Lanka ya 1995. Sasa kunahitajika kazi ya 1998: kujua wakulima wamehamia dawa gani, hospitali ziripoti nini kinaletwa wodini, na nyanya za sokoni zipimwe kwa utaratibu ule ule unaopima mishiri, majibu yatangazwe. Wapinzani wanaonya kuhusu magendo, na wana haki, maana dawa iliyofungiwa Nairobi huvuka Namanga kwa urahisi ikiwa Arusha bado inaruhusiwa. Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu ya Tanzania ina makao yake huko huko Arusha, na Sekretarieti ya Jumuiya ya Afrika Mashariki iko mji huo huo. Orodha moja ya sumu zinazoondoka katika nchi zote wanachama, ikianza na Daraja la I na parakwati, ikiwa na tarehe za mwisho zinazompa mkulima muda wa kupata mbadala, inaweza kuandikwa bila hata mtu kupanda ndege.