Kwale: Mgonjwa hutazama nini anapochagua hospitali?

MGONJWA wa Kwale anapoamua pa kutibiwa, ada ya matibabu si hoja yake ya kwanza kila mara. Aghalabu huuliza kwanza iwapo dawa zipo.

Tukio la 2004 lafaa kukumbukwa. Julai mwaka huo serikali ilishusha ada hadi Sh10 katika zahanati na Sh20 katika vituo vya afya. Utafiti wa Jane Chuma na wenzake kuhusu Kwale na Makueni, uliochapishwa 2009, ulibaini kuwa sera hiyo haikufuatwa ipasavyo. Miongoni mwa sababu ni uhaba wa dawa na kupungua kwa mapato ya vituo. Mgonjwa aliyelipa Sh10, kisha akapewa karatasi akanunue dawa dukani, hakupata nafuu yoyote. Alilipa mara mbili, na nauli juu yake. Ada hizo zilifutwa kabisa mwaka wa 2013, lakini kabati la dawa likiwa tupu, huduma ya bure haimsaidii mtu. Maafisa wetu hupenda kufungua majengo kwa mbwembwe. Mgonjwa haulizi jengo lilifunguliwa na nani.

Umbali nao huamua mengi. Mkazi wa Ukunda au Diani ana hospitali za kibinafsi karibu, na akipenda hushika barabara ya Lunga Lunga hadi hospitali ya rufaa ya Msambweni. Mwenzake wa bara ya Kinango, vijiji vilikotawanyika, hana uchaguzi mpana hivyo: ni zahanati iliyopo au bodaboda. Kwa miaka mingi, aliyepewa rufaa kwenda Hospitali Kuu ya Pwani mjini Mombasa alilazimika pia kuingoja feri ya Likoni.

Kisha kuna heshima. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2000 iliitaja staha, usiri na kuhudumiwa bila kucheleweshwa kuwa vipimo vya huduma vinavyojitegemea, mbali na kupona kwenyewe. Mama mjamzito anayetaka sitara na mkunga wa kike, au mzee wa Kiduruma anayetaka aelezwe ugonjwa wake kwa lugha aifahamuyo, hawadai anasa. Aliyefokewa mbele ya foleni huenda akaipita zahanati hiyo mara nyingine, hata kama i mlangoni pake.

Migomo iliongeza swali jingine: je, pako wazi? Madaktari waligoma siku 100 kuanzia Desemba 2016, na wauguzi wakagoma miezi mitano mwaka wa 2017. Mwenye pesa alikimbilia hospitali ya kibinafsi. Asiye nazo alibaki nyumbani.

Tangu Oktoba 2024, SHA ilipochukua nafasi ya NHIF, mgonjwa hana budi kuhakikisha pia kuwa amesajiliwa na kwamba hospitali anayoiendea ina mkataba na mamlaka hiyo. Katika dharura, hata hivyo, Kifungu cha 43(2) cha Katiba ya 2010 kinakataza mtu yeyote kunyimwa matibabu.