Sinki si Bakapu: Venye Utaunganisha Kompyuta Zako Bila Klaudi na Usilie Baadaye

Mwaka jana nilifuta video ya ruracio ya watu. Lapi ilikuwa imejaa, nikajiambia nakala ingine si iko kwa deskitopu ya keja. Jioni nafungua deskitopu: hewa. Programu ya kusinki ilikuwa imefanya kazi yake vizuri kabisa. Nimefuta hapa, ikafuta kule. Ilibidi nirudishie mteja doh yake, na harusi ya watu hairudiwi.

Wewe usipitie hio. Soma hii kwanza.

Tofauti ni gani?

Kusinki ni kufanya folda mbili zifanane kila saa. Ukigusa faili kwa lapi, inabadilika kwa deskitopu. Bakapu ni nakala ya zamani ambayo haijali umefanya nini leo. Ukiharibu kazi leo, bakapu bado iko na ya jana. Unahitaji zote mbili.

Kusinki: jaribu Syncthing

Ni programu ya bure, iko tangu 2013, na inaingia kwa Windows, macOS na Linux. Faili zako haziwekwi kwa kompyuta ya kampuni yoyote. Ziko kwa mashine zako tu.

1. Iweke kwa kompyuta zote mbili. Inafunguka ndani ya brauza, kwa anwani 127.0.0.1:8384.
2. Kila mashine iko na kitambulisho chake, mstari mrefu wa herufi na namba. Peleka cha hii kwa ile, halafu ukubali pande zote mbili. Bila kukubaliwa, hakuna msee anaingia.
3. Chagua folda ya kushare. Ili faili zipite, mashine zote mbili lazima ziwe zimewashwa.

Na bando je? Zikiwa kwa waifai moja, faili zinapita humo humo ndani na bando haiguswi. Lakini moja ikiwa keja na ingine jobo, zitapitia intaneti, na hapo bando italiwa. Usiogope macho ya watu, juu zinasafiri zikiwa zimefungwa kwa siri.

Ukibadilisha faili moja pande zote mbili kabla mashine zikutane, utapata nakala ya ziada yenye maneno sync-conflict kwa jina. Usiifute kabla uangalie ndani.

Mtego wenye ulinimaliza

Syncthing inaweza kukuwekea matoleo ya zamani ya faili, lakini ukiiweka mpya hio sehemu huwa imezimwa. Ingia kwa setingi za folda uiwashe. Matoleo yatakaa kwa folda iliyofichwa inaitwa .stversions.

Shika hii: mashine inahifadhi tu kile kimefutwa au kubadilishwa kutoka mashine ingine. Ukifuta kwa lapi, nakala itaokolewa kwa deskitopu. Kwa hivyo washa pande zote mbili. Na usidanganywe na folda ya kupokea tu. Ikipata habari kwamba faili imefutwa kule, nayo inafuta.

Sasa bakapu yenyewe

Tafuta diski ya nje. Windows iko na File History, Mac iko na Time Machine, na watu wa Linux wako na rsync. Chagua siku moja kwa wiki, sema Jumapili: chomeka, ngoja imalize, chomoa. Usisahau kuchomoa. Virusi vya kufunga faili ndio udaiwe pesa haviwezi fikia diski iko kwa droo. Stima ikirudi na nguvu pia, haiiguzi.

Mafundi wako na sheria ya 3-2-1: nakala 3, kwa aina 2 za vifaa, na 1 ikae mahali pengine. Hio ya mwisho ndio wengi huruka. Wezi wakiingia keja, wanabeba lapi, deskitopu na diski kwa begi moja. Nunua diski ya pili, ifunge na neno la siri ukitumia VeraCrypt, kisha uipeleke kwa mathe shags. Kila ukienda kumsalimia, uiongeze kazi mpya.

Kabla ulale leo, fungua faili moja tu kutoka kwa bakapu yako. Kama haifunguki, bado hauna bakapu.