Miaka Mitano ya Phiona

Hapa Rumonge, usiku wa mbalamwezi wavuvi wa ndagala hupumzika, kwa sababu taa zao hazivuti samaki vizuri. Huo ni wakati wa igisoro, mchezo wa mashimo 32 na kete 64, ambao mtoto huujua kwa kutazama wakubwa. Lakini sataranji wengi huiogopa, wakidhani ni ya wasomi na kwamba kuijua huchukua miaka mingi.

Historia inatuonyesha vingine. Mwaka 2005, Phiona Mutesi wa Katwe, mtaa wa maskini mjini Kampala, alifika kwa mwalimu Robert Katende akifuata kikombe cha uji. Shule alikuwa ameacha. Hatua za kwanza alionyeshwa na mtoto mdogo kuliko yeye. Mwaka 2010 aliiwakilisha Uganda katika Olimpiadi ya sataranji huko Khanty-Mansiysk, Urusi. Ilikuwa miaka mitano tu.

Kipaji alikuwa nacho. Lakini alikuwa pia na ubao, mwalimu na wenzake wa kucheza nao mara kwa mara. Basi mwanafunzi akichelewa, tusilaumu akili yake kabla ya kuuliza kama ubao anao.